Jina Kwenye CR12, Mwenyewe Yuko Nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita nilikalishwa kwenye bodi ya kampuni ndogo ya barafu karibu na Liwatoni, hatua chache kutoka ua wa bandari ya uvuvi. Jina lake silitaji; wenyewe wapo, na wengine ni wazee wangu. Tulikuwa wakurugenzi watano, wote wanaume, wote tukijuana tangu madrasa. Kikao kikianza baada ya Isha. Kahawa ikipita, tende zikipita, na mengi yakiwa yameshakatwa barazani kabla hatujafika mezani.

Tulikuwa tukiuza barafu kwa gunia. Wateja tuliowafikiria ni wenye mashua zinazotoka nje ya mwamba kutafuta jodari na nguru, na mahoteli ya Nyali. Kaskazi ilipovuma biashara ilikwenda. Kusi ikiingia, bahari ikichafuka na mashua zikikaa, barafu ililala ghalani na bili ya stima ikaja ile ile.

Mwenzetu mmoja akafariki. Hisa zake ziligawanywa kwa mirathi: mjane akapata fungu lake la thumuni, yaani moja ya nane, watoto wakapata yao, na familia ikamtuma mama huyo aje akae badala ya marehemu. Kikao cha kwanza alinyamaza. Cha pili akauliza:

"Hiyo barafu mwauza kwa gunia. Nani anunuaye gunia wakati wa kusi?"

Tukatazamana. Akaeleza kwamba ana shoga zake mama karanga, wale wanawake wanaonunua vibua na tasi asubuhi, wakawakaanga na kuwauza jioni vichochoroni. Hao hawangoji jodari. Wanafanya kazi kusi na kaskazi, na wanachohitaji ni barafu ya kilo tano au kumi ya kumfikisha samaki salama hadi saa ya kutia mafuta karaini. Gunia zima litawayeyukia kwenye ndoo. "Wanapita hapa mlangoni kwenu kila siku," akasema, "wakienda kununua barafu ya mifuko kwenye friji za majumbani."

Mkubwa wetu akamwambia kwa upole, "Shemeji, hiyo ni biashara ya rejareja."

"Na pesa zake ni za rejareja?"

Tukaweka mizani mlangoni, kibanda cha makuti na ubao wa bei kwa kilo. Hatukutajirika. Lakini kusi iliyofuata hatukwenda kukopa ili kulipa stima, jambo ambalo tulikuwa tukilifanya kila mwaka na kuliona la kawaida, kama joto la Machi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nimekuwa nikiulizwa na wenye kampuni za wastani hapa kisiwani, wa malori, wa uwakala wa forodha, wa vyakula, wa majengo, kama kweli mwanamke kwenye bodi huongeza faida au ni maneno ya semina. Jibu langu huziudhi pande zote mbili. Yule mama hakutusaidia kwa kuwa ni mwanamke tu. Alitusaidia kwa sababu aliwajua wateja ambao sisi watano tulikuwa tukiwapita kila siku bila kuwaona, na kwa sababu hakukaa na sisi barazani, kwa hiyo hakuwa na aibu ya kuuliza lililo wazi. Angekuwa mwanamume anayekaanga samaki Majengo, huenda angeuliza lile lile. Ila hatukuwa na mwanamume wa namna hiyo, wala hatukuwahi kumtafuta.

Utafiti nao hautoi ahadi kubwa. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003, na kufikia 2008 kampuni za umma zikawajibika kuwa na wanawake asilimia 40 kwenye bodi, ama zivunjwe. Mwaka 2012 Kenneth Ahern na Amy Dittmar walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba thamani ya kampuni zilizolazimika kubadilika haraka ilishuka. Wataalamu wengine wakaja baadaye wakaipinga hesabu hiyo. Mwaka 2015 Corinne Post na Kris Byron walikusanya tafiti 140 kutoka nchi mbalimbali na kukuta uhusiano chanya na faida ya vitabuni, lakini mdogo, na kwenye bei ya hisa sokoni karibu hakuna kitu. Kwa hiyo mshauri akija ofisini kwako na chati inayosema "ongeza wanawake wawili, faida itapanda", mpe chai, msikilize, kisha muage kwa heshima.

Utafiti ninaouamini zaidi ni wa Renée Adams na Daniel Ferreira wa mwaka 2009, juu ya kampuni za Marekani, kwa sababu unafanana na niliyoyaona kwa macho. Wanawake huhudhuria vikao zaidi. Wanaume nao, wakiwa na wanawake mezani, hupunguza utoro. Mkuu wa kampuni anayefanya vibaya huulizwa kwa ukali zaidi. Pia walikuta kwamba kwa kampuni ambazo tayari zilikuwa zikisimamiwa barabara, ukali huo wa ziada haukuongeza kitu, na pengine ulipunguza. Sasa nikuulize wewe msomaji: kampuni yenu, mihutasari ya vikao vya mwaka jana iko wapi? Kama umeanza kufikiria droo gani, basi hamko katika kundi la wanaosimamiwa barabara.

Upande wa sheria nitapita haraka. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataka katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bunge limeshindwa kuitimiza, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Mashirika ya serikali yana mwongozo wao wa mwaka 2015 wenye kanuni hiyo hiyo, na kampuni zilizo soko la hisa zina kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka huo huo, zinazotaka bodi izingatie jinsia au ieleze kwa nini haikuzingatia. Mambo yamesogea: Taasisi ya Menejimenti ya Kenya ilihesabu wanawake asilimia 21 kwenye bodi ilizochunguza mwaka 2017, na asilimia 36 mwaka 2021. Hapa kwetu bandarini Catherine Mturi-Wairi alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza Mamlaka ya Bandari, mwaka 2016. Lakini kampuni yako ya malori mawili au ya familia haiguswi na lolote kati ya haya. Hakuna afisa atakayekuja kukuhesabia. Utakalofanya utalifanya kwa hiari yako na kwa faida yako, na ndiyo maana nakuandikia wewe, si wao.

Ugonjwa wa kampuni zetu una jina: CR12. Ndiyo ile karatasi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, ambayo benki huidai kabla hata hujakaa kwenye kiti. Nimeziona nyingi, na kwa karatasi mtu angesema Mombasa imeipita Norway. Mke yumo, dada yumo, mama mzazi yumo. Ukiuliza mara ya mwisho alihudhuria kikao lini, unaambiwa yeye hana haja ya kikao, karatasi hupelekewa nyumbani akatia sahihi. Wengine waliandikishwa ili kampuni ipate zabuni za serikali zilizotengewa wanawake na vijana. Wengine kwa sababu sheria ya zamani ilitaka watu wawili na mke ndiye aliyekuwa karibu.

Mama mmoja wa Mji wa Kale alinisimulia jinsi madalali walivyomgongea mlango saa mbili asubuhi, yeye akiwa jikoni anapika mahamri. Walikuja na karatasi ya mkopo wa kampuni ya kaka yake. Sahihi ilikuwa yake. Alikuwa ametia dhamana binafsi, yaani kampuni ikishindwa kulipa atalipa yeye kwa mali yake, na alidhani anatia sahihi ya kufungua akaunti. Kwa macho ya Sheria ya Kampuni ya 2015 mkurugenzi ni mkurugenzi. Anatakiwa atumie akili yake mwenyewe na uangalifu unaostahili, na kusema "mimi ni jina tu" hakuwi kinga. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kampuni ni mwepesi kutamka na mzito kutenda: itoe CR12 yako eCitizen leo, na kila mwanamke aliyemo ama umlete mezani kweli kweli, ama umwondoe kwa utaratibu na umpunguzie hatari isiyo yake.

Kumleta mezani kuna kazi, na kazi yenyewe inaanzia barazani.

Mtu wa nje ya pwani hawezi kulifahamu hili. Hapa mambo hukatwa kwenye baraza, baada ya swala, kahawa mkononi, kwa vipande: leo mmoja anarusha neno, kesho mwingine analijibu, kesho kutwa limekwisha. Ni desturi nzuri. Watu hawaaibishani, hasira hupata muda wa kupoa, na wazee husikilizwa. Mimi mwenyewe sitaki ife. Lakini mwanamke hakai baraza ile. Akija kikaoni Jumamosi na maswali yake aliyoyaandika kwenye daftari, anakuta wenzake wameshakubaliana, wanamtazama kwa huruma, na mwenyekiti anasema "hilo tumeshalizungumza." Wapi? Na nani? Mara mbili tatu za namna hiyo zinatosha. Mara ya nne atatuma udhuru, nanyi mtasema wanawake hawapendi vikao.

Kwetu tulipata dawa baada ya kugombana. Tulikubaliana kwamba neno la barazani ni mazungumzo, haliwi uamuzi hadi lisomwe mezani pamoja na hesabu zake, na yeyote akisema "tumeshalizungumza" basi alieleze upya tangu mwanzo kana kwamba hakuna alisikiaye. Inachosha. Mzee mmoja alilalamika kwamba sasa anasimulia hadithi moja mara mbili kama bibi. Lakini mara ya pili, mbele ya karatasi, ndipo tulipogundua kwamba lori tulilokuwa tukilipigia hesabu kwa wiki tatu barazani halikuwa limeingiziwa bima.

Saa ya kikao nayo ni uamuzi. Baada ya Isha mwanamke mwenye watoto, au mwenye mume mkali wa nyakati, au asiyependa kutembea usiku kutoka Liwatoni hadi kivuko, umeshamfungia mlango bila kumwambia neno. Kwa walio ng'ambo ya Likoni na Mtongwe safari yenyewe ni kazi. Ndiyo sababu mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilijenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, ili kupunguza msongamano wa feri. Wekeni kikao saa nne asubuhi, ofisini, mlango wazi, kisiwe siku ya Ijumaa. Asiyetaka kukaa na wanaume wasio maharimu wake chumba kimoja, na wapo, na haki yao iheshimiwe, aingie kwa simu kama katiba ya kampuni yaruhusu. Kama hairuhusu, irekebisheni. Karatasi zimfikie wiki moja kabla, si mlangoni.

Na tafadhali asipewe kuandika mihutasari. Nimekaa katika bodi ambayo mwanamke pekee aliyekuwemo, mhasibu wa miaka 20, alikabidhiwa kalamu siku ya kwanza kwa kuwa "ana mwandiko mzuri", na tangu hapo hakuweza kusema sentensi nzima maana alikuwa akiandika za wengine. Ajiriwe karani. Mama huyo angefaa kamati ya ukaguzi wa hesabu, tena kwenye kiti cha mwenyekiti. Posho ya kikao iwe sawa na ya wengine, na iandikwe, isiwe bahasha ya "nauli".

Idadi nayo ina maana. Alison Konrad, Vicki Kramer na Sumru Erkut waliwahoji wakurugenzi wanawake na mwaka 2008 wakaandika kwamba mambo hubadilika wakifikia watatu. Mmoja peke yake huonekana msemaji wa wanawake wote duniani, kila akifungua mdomo. Bodi yenu ya watu watano haiwezi watatu kwa mkupuo. Anzeni na wawili, na wasitoke nyumba moja.

Mtawapata wapi? Hapa ndipo wanaume hunikunjulia mikono: "Tumetafuta, hawapo." Walitafuta wapi, huwa nauliza, na jibu ni kwamba waliwauliza wake zao. Kaeni kwanza muandike msilolijua. Kwetu lingekuwa: hatujui nani ananunua samaki Marikiti na kwa nini, hatujui kusoma mkataba wa mkopo, hatujui wafanyakazi wetu wanasema nini tukitoka. Kisha mtafuteni anayelijua. Kuna meneja mstaafu wa tawi la benki ambaye kwa miaka aliwanyima watu kama nyinyi mikopo na anajua kwa nini. Kuna mwenye kampuni ya uwakala wa forodha anayejua makontena yenu yanakwama meza ipi. Kuna mwalimu mkuu aliyeendesha shule ya watoto 1,000 kwa bajeti ya mfukoni. Kuna mweka hazina wa sacco, au mama aliyekaa kwenye kamati ya BMU, zile kamati za wavuvi za kila bandari ndogo, akazizoea kelele zake. Huyo wa mwisho hatakuwa na shahada. Bodi ya barafu haihitaji shahada tano.

Anayesema wanawake wa mji huu hawana mazoea ya uongozi hana habari za bibi yake. Vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa karne iliyopita, Ibinaal Watan na Banu Saada wakiwa mahasimu wakubwa, vilikuwa na vyeo, michango, na mashindano yenye gharama za kuogofya, na wenyewe walioviendesha ni wanawake. Mwanahistoria Margaret Strobel aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa. Mtu anayeweza kukusanya pesa mtaa mzima, kuzilinda, kuzitumia mbele ya mahasimu wanaomngoja akosee, na kubaki na cheo chake mwakani, hana la kujifunza kwenye semina yako ya utawala bora.

Kwa familia zenye kampuni za urithi nina neno la pembeni. Binti amerithi nusu ya fungu la kaka yake. Hilo limeshakatwa, na Kadhi ameshalitia muhuri. Lakini nusu ya fungu ni hisa kamili, ina gawio na ina kura. Nimeona kaka wakimpelekea dada yao "zawadi" kila Idi na kuiita gawio, bila hesabu, bila karatasi. Ndugu zangu, hiyo ni haki ya mtu, na siku mjukuu mwenye digrii ya sheria atakapoidai mtalipa na ya mawakili. Mpeni hesabu zilizokaguliwa. Ama akae mezani mwenyewe, ama amteue mtu anayemwamini, na mtu huyo asilazimike kuwa mume wake.

Sasa nikugeukie wewe dada unayeombwa kuingia. Usikubali papo hapo hata kama anayekuomba ni mjomba. Omba hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Omba CR12. Uliza kama kodi zimelipwa na kama makato ya wafanyakazi yanayokatwa kwenye mishahara yanafika yanakopelekwa, maana hapo ndipo kampuni nyingi zenye shida hujificha. Uliza mikopo ni mingapi na kama wakurugenzi wameitilia dhamana binafsi. Ukiambiwa utatakiwa kutia sahihi, mtafute wakili wako, si wa kampuni. Taka barua ya uteuzi yenye muda, tuseme miaka mitatu, na posho. Wakikasirika kwa sababu umeuliza, umeshajua kikao kitakuwaje. Ukiingia, uliza swali lako la kijinga mapema, kikao cha kwanza au cha pili, kabla hujazoea kama walivyozoea wao.

Yule mama wa barafu aliuliza lake kikao cha pili. Hivi sasa ana miaka yake kadhaa mezani, mwanamke wa pili ameingia, na ubao wa bei kwa kilo ungalipo mlangoni ingawa rangi imeliwa na chumvi. Wenzangu wawili bado wanaona tulikuwa na raha zaidi zamani. Ni kweli, tulikuwa na raha.

Kama kikao chenu kijacho kimepangwa baada ya Isha, kihamisheni saa nne asubuhi, na leo hii mpigieni simu mwanamke aliyemo kwenye CR12 yenu mumwambie anaitwa.